Mahindi Bila Jicho

Mardi, 2 mai 1995
Bon! Madame Lieve, muzungu muzee aliyeishi Bukavu, iko na kipande ya shamba nyuma ya nyumba yake, Evere, huku kwa bazungu. Amesema mwenye mahindi yake itaota ya kwanza atalima yote. Tuko wawili: mimi na jirani yangu Bienaimé. Masikini Bienaimé! Mimi, kule kwetu Walungu, nilipanda mahindi juu ya jiwe, ikapanda mpaka nyani waliomba ngazi. Muke wangu Antoinette akauliza kama siyo yeye alikuwa analima, mimi niko kwa pombe. Wivu!

Mercredi, 3 mai
Shida: panya. Banajaa kule! Lakini mimi najua panya. Ndani ya gunia hakulaka mbegu yote. Anachokora ile kijicho nyeupe ya chini tu, ingine anaacha. Alors, nimekamata kisu ya Antoinette, nimetosha kijicho kwa kila mbegu, nimekitupa, nikapanda. Panya atanusa, atarudi na njaa! Bienaimé amepanda yake na macho yote. Nikamuambia panya wa Evere banamushukuru.

Dimanche, 14 mai
Ya Bienaimé imetoka. Jani moja moja, imechongoka sawa mukuki. Nikatangaza mbele ya watu ya misa kama ni ugonjwa: maharagi inatokaka na majani mbili, ile njo afya! Bakacheka. Bienaimé, haya imemupata. Yangu? Panya hajagusa hata moja! Haijatoka, lakini inakusanya nguvu.

Jeudi, 18 mai
Madame Lieve amefukua yangu. Uji! Inanuka! Akapasua mbegu ingine na kucha, akanionyesha: hii unga yote ni chakula, mutoto ni kile kijicho, ananyonya pale mpaka atoke inje. Bienaimé akapiga kelele kusema papa Polycarpe, njo mimi, ametupa mutoto, amezika biberon, chupa yake ya maziwa! Shamba ni yake. Antoinette ameimba hiyo biberon ndani ya bus mpaka kwetu Saint-Gilles.

Samedi, 20 mai
Bienaimé amenihurumia, ameniachia pembeni, pale maji inasimama. Nikapokea sawa chef. Maji? Donc, muchele! Nikakimbia ku duka ya Molenbeek. Mon Dieu! Nyeupe, inang'aa, na mashini imekwisha kutosha kijicho kwa kila mbegu! Kazi yote bamenifanyia. Nimebeba gunia nzima.
Panya watalia.