Programu Iliyokatazwa Kusema Sijui

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa kwanza, Jumamosi iliyopita mchana, mimi nachambua mchele, yeye kajinyoosha mkekani. Nayaandika kwa sababu ni mambo ya maendeleo, na si vizuri mambo ya maendeleo yakaishia mkekani.

Kwanza lilitoka tangazo. Idara ya Nguvu za Kale ilitangaza, kwa turubai na spika mbili, kwamba nchi yetu itakuwa ya kwanza kujua kwa uhakika sumaku ya dunia ilivuta kwa nguvu kiasi gani enzi za mababu. Wananchi wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama nguvu hiyo itasaidia maji kupanda hadi mtaani kwake. Akajibiwa kwamba swali lake limepokelewa.

Jambo lenyewe si gumu. Dunia ni sumaku, ndiyo maana sindano ya dira inageuka. Jiwe au tofali likipata moto mkali, halafu likapoa, hubaki na kumbukumbu ya mvuto wa siku ile. Wataalamu hulirudisha tanurini, wakalipasha kidogo kidogo, na kila hatua wanapima limesahau kiasi gani na limebakiza kiasi gani. Vipimo hivyo hutiwa kwenye programu ya kompyuta. Vikikaa kwenye mstari ulionyooka, programu inataja nguvu ya zamani. Vikitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, maana yake kumbukumbu imeharibika, pengine jiwe liliungua tena baadaye, na programu inaandika: Sijui.

Mjukuu wangu ndiye aliyeajiriwa kuijaribu programu hiyo. Mjaribu kazi yake ni kutega. Huipa programu mawe ambayo majibu yake yanajulikana tayari, aone kama itapatia. Alikuwa na jiwe la volkano lililopoa watu wakilitazama, na tofali la choo kipya cha wizara, ambalo lilipikwa yeye mwenyewe akiwa amesimama pale tanurini na kipimo mkononi. Programu ikapatia yote mawili. Kisha akaipa mawe mabovu, makusudi. Ikasema sijui, sijui, sijui. Akafurahi, akaenda kwa Mkurugenzi kumwambia imefaulu.

Mkurugenzi huyu watumishi wake humwita Mzee Kikao, lakini si mbele yake.

"Binti yangu," akasema, "hii sijui ni kitu gani?"

"Ndilo jibu sahihi, mzee. Jiwe likiwa bovu..."

"Jiwe la serikali haliwi bovu. Linaweza kuwa na changamoto."

"Basi likiwa na changamoto, programu inakiri kwamba haijui."

"Inakiri! Mimi nimezeeka katika utumishi. Umewahi kunisikia nikisema sijui?"

Mjukuu wangu akafikiri, akaona ni kweli hajawahi, hata siku alipoulizwa njia ya kwenda kwenye ofisi yake mwenyewe mpya.

Ikaundwa Kamati ya Kuondoa Sijui. Mimi naona walifanya vyema. Mtoto akiulizwa nani kavunja chungu akasema sijui, hapati chakula mpaka ajue. Mashine ina ubora gani hata isamehewe? Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatoa maazimio. La kwanza, badala ya kusema sijui, programu itaje jiwe inalolijua ambalo linafanana zaidi na lile lililoulizwa. La pili, programu haikosei. La tatu, atakayesema imekosea, yeye ndiye aliyekosea. Mjaribu athibitishe kwa sahihi.

"Mzee, na ikiniaibisha mbele za watu?" mjukuu wangu akauliza.

"Soma azimio la pili."

"Na nisipotia sahihi?"

"Mlango uko wazi. Waombaji wa nafasi yako wamejaa hapo nje kama nzige."

Kazi ile ndiyo inayotulisha, mimi na wadogo zake. Akatia sahihi. Tangu hapo usingizi ukampaa. Namsikia anageuka huku, anageuka kule, kitanda kinalia.

"Mke mwenzangu, una nini?" nikamuuliza.

"Bibi, nimethibitisha uongo."

"Wako au wa serikali?"

"Wa serikali."

"Basi si wako. Lala."

Hakulala.

Ijumaa ikafika sherehe ya kuizindua programu, mgeni rasmi Waziri. Likaletwa Jiwe la Mababu, juu ya kitambaa chekundu. Lilitoka kwenye jiko la kale lililofukuliwa na wataalamu, likiwa na masizi yake. Mkurugenzi alisema kumletea Waziri kitu chenye masizi ni utovu wa nidhamu. Kwa hiyo, kabla halijapimwa, lilisuguliwa kwa steliwaya, likapakwa vanishi, na vanishi ikakaushwa juu ya makaa makali. Mjukuu wangu alimwambia moto ule utalisahaulisha kila kitu. Akaambiwa litapendeza kwenye picha. Na lilipendeza.

Waziri akabonyeza kitufe. Vipimo vikatawanyika. Zamani programu ingesema sijui, watu wakaenda kula. Sasa ikatii kamati. Kwenye skrini kubwa yakatoka maandishi, na Waziri, ambaye husoma kwa sauti chochote kinachowekwa mbele yake, akayasoma:

"Linafanana zaidi na tofali la choo cha wizara."

Watu wakakohoa. Mkurugenzi akamwinamia mjukuu wangu.

"Rudisha ile sijui."

"Ipi, mzee?"

"Ile ile! Sasa hivi!"

"Iliondolewa na kamati, mzee. Kuirudisha kunahitaji kamati."

"Basi sema imekosea!"

"Nikisema hivyo, nimekosea mimi. Azimio la tatu. Labda useme wewe, mzee."

Mzee Kikao akarudi kwenye kiti chake.

"Mkurugenzi," Waziri akaita, "programu hii hukosea?"

"Haikosei, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo hili ni tofali la choo?"

"Hapana, Mheshimiwa!"

"Au tofali la choo ndilo la mababu?"

Mfa maji haachi kutapatapa. "Ndivyo hasa, Mheshimiwa!"

Waziri akatangaza papo hapo kwamba choo cha wizara ni urithi wa taifa. Kikazungushiwa kamba, kikafungwa kufuli, na ikatolewa amri kwamba asiingie mtu bila kibali cha Waziri. Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye aliyelifahamu jambo hilo kuliko wote, akahamishiwa hapo kuwa Mhifadhi Mkuu. Akapewa kiti na ufunguo. Ofisi na gari vikabaki kwa mwingine, maana choo hakiendi popote.

Baada ya hotuba tatu na chupa kadhaa za maji, Waziri akaja mbio amekunja uso.

"Fungua."

"Kibali, Mheshimiwa."

"Anayetoa kibali ni mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini mwombaji pia ni wewe, na mtu hajipi kibali mwenyewe. Huo ni mgongano wa maslahi."

Waziri akaangalia kufuli, akaangalia barabara. Ng'ambo kuna gereji. Akavuka na suti yake, akakuta mafundi wamepanga mstari mlangoni pa choo chao. Akawaambia yeye ni nani. Fundi wa rangi akamjibu, "Karibu sana, baba. Mwisho wa foleni ni kule."

Nikaweka ungo chini. "Na wewe, mke mwenzangu? Wamekufukuza?"

"Watanifukuza vipi, Bibi? Wakisema nimekosea, basi programu imekosea, na choo si urithi, na Waziri kazindua tofali."

"Kwa hiyo kazi unayo."

"Ninayo. Tena nimepandishwa cheo, wanaogopa nisije nikasema."

Nikamsifu Mungu, halafu nikamuuliza lile jiwe lilikuwa la mababu kweli au sivyo. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mchana kweupe.