Natafuta Tanuri la Kuchomea Diya

Jumamosi, 5 Oktoba 2024. Kihesa.

Nimeamua. Mimi Tumpe, mke wa Mika, mama yake Lusako, ndiye nitakayekipatia kikundi chetu cha wafinyanzi tanuri la kweli. Anayebisha abishe.

Chanzo ni Hansa, mwenye duka la vitambaa mjini. Leo kaja mwenyewe kwenye mkutano wetu. Sikukuu yao Wahindu ya Diwali ni mwisho wa mwezi, anataka diya, zile taa ndogo za udongo za kuwashia mafuta. Za kutoka Dar humfikia zikiwa vigae. Akasema tumletee, atazipanga barazani kwake, kila mpita njia azione. Yusta, mwenyekiti wetu, akajibu kwamba tutachoma kama siku zote: majani makavu, kuni, chini uwanjani. Chini! Kama mahindi ya kuchoma!

Nikanyoosha mkono. Nikasema dunia imeenda mbele, mimi nitachagua tanuri linalofaa. Yusta akauliza kama nimewahi kuliona tanuri la vyungu kwa macho yangu. Nikamwambia huu si wakati wa maswali madogo. Mwisho tukakubaliana: yeye achome zake, mimi zangu, Hansa ataamua. Na uchaguzi wa mwenyekiti ni Novemba. Sikulitaja hilo. Nilitabasamu tu.

Jumanne, 8 Oktoba. Mbeya.

Nipo kwa binamu yangu Andendekisye. Ana tanuri la umeme, alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa anahama. Hata kabla hajanisalimia ugonile, ameshaanza kulisifia: halina moshi, halili kuni, unabonyeza tu. Nikauliza mbona yeye halitumii. Akasema ana mambo mengi. Tukalikuta stoo, ndani yake kuku anaatamia. Dalili nzuri. Linatunza joto.

Kaniambia nichukue bure, mradi liondoke leo leo. Ukarimu wa ndugu! Mkewe ndiye aliyelisukuma kwa nguvu kuliko sote, huku anaimba pambio. Fuso la viazi limelipakia.

Ijumaa, 11 Oktoba. Kihesa.

Fundi umeme kalitazama tanuri, kaitazama nyumba yetu, kacheka. Linataka umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa. Sisi tuna moja, na hata hiyo, pasi ikiwaka redio inakohoa.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nimeikumbuka mashine ya kusaga ya Jailos, mtaa wa pili. Fezi tatu anazo. Ila Jailos ni mbahili, hawezi kukubali mtu achome udongo kwa umeme wake. Kwa hiyo nimemwambia ni oveni ya mikate, na mkewe ndiye atakayeonja wa kwanza. Amekubali. Uongo mdogo sana. Unga na udongo vyote si vinakandwa?

Mika kauliza kwa nini nisichome pamoja na Yusta yakaisha. Mume wangu ni mtu mwema. Maono hana.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Siku mbaya!

Fundi kaunganisha asubuhi. Kina mama wamejaa foleni na ndoo za mahindi. Nikapanga diya zangu, nikawasha. Kukawa shwari kabisa. Kisha harufu. Manyoya ya kuku! Sikukumbuka kusafisha. Kila mwenye unga akaanza kuunusa. Jailos akaja akauliza hiyo ni mikate ya aina gani. Sijajibu, pwaa! Umeme ukakatika. Si kwa mashine tu, mtaa mzima. Kanisani kinanda cha kwaya kikanyamaza katikati ya wimbo. Tanuri likatoa moshi ambao Andendekisye aliapa halina. Diya zangu zote zimepasuka. Na mahindi yaliyobaki ndani ya mashine, nusu unga nusu chenga, ni ya nani? Ya Yusta!

Hakugomba. Hilo ndilo lililoniuma. Mbele ya watu wote, kwa sauti laini, akasema, “Mama Lusako, finyanga nyingine taratibu, tuchome wote kule kwangu. Nafasi ipo.”

Nikamjibu, “Asante dada, mimi nina mpango mwingine.”

Sikuwa nao. Niliupata njiani nikirudi nyumbani.

Jumatano, 16 Oktoba. Ipogolo.

Tanuri sahihi lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote: la tofali! Rabson anachoma tofali huku bondeni. Amelipanga kubwa kama nyumba, limebaki kuwashwa tu. Moto unaoivisha tofali utashindwaje na diya?

Nilimwomba kwa adabu. Salamu za kamwene nyingi, habari za nyumbani, kila kitu. Akakataa. Eti tanuri lake ni la tofali, halafu diya zangu bado mbichi. Akaigusa moja, kidole kikaacha shimo. Ni kweli nimezifinyanga jana. Lakini kukausha si ndiyo kazi ya moto?

Nikasubiri aende kula. Nikapanda. Nikaondoa tofali za juu, nikazamisha beseni langu la plastiki na diya zake zote, nikazirudisha tofali. Rabson karudi, kaanza kulikandika tanuri udongo huku ananisimulia habari za wanawe. Nikamsaidia kukandika! Ameshatia moto.

Moyo unanienda mbio. Furaha tupu.

Ijumaa, 18 Oktoba. Kihesa.

Mambo mawili.

La kwanza. Rabson anasema tanuri limelia. Pa! Pa-pa-pa! Kama bisi kwenye sufuria, ila kwa sauti ya bunduki. Vibarua wamekimbia, makoleo wameyaacha. Anaamini amerogwa. Kamwita mwinjilisti aje kuombea. Nilikuwepo. Niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

La pili ni baya zaidi. Rabson, kwa kuniona pale kila siku, kajua nataka tofali za kujengea. Kamwambia Mika. Mika karudi macho yanang'aa. Siku zote anataka tuwe na jiko la nje lenye paa, mvua isiwe inatufukuza na sufuria mikononi. Kadhani namwandalia kwa siri. Kanishika mkono, kasema, “Kumbe ndicho ulichokuwa unakihangaikia, mama.”

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Ijumaa, 25 Oktoba. Kalenga.

Tanuri limepoa, na Rabson ameshaliuza lote! Nimefika Ipogolo nimekuta majivu. Lori limepeleka tofali Kalenga, kwa mzee Eliezeri anayejenga banda la nguruwe. Nikachukua bodaboda.

Nikachambua tofali moja moja, juani. Mzee akauliza natafuta nini. Nikasema nakagua ubora. Akafurahi, akaniletea kiti na maji. Vigae. Vigae tena. Beseni limekwenda hewani, halina hata jivu. Diya moja tu imepona, imenasa juu ya tofali kama imezaliwa hapo. Nikavuta. Haitoki. Nikaomba tofali hilo. Mzee akasema kama nimeridhika na ubora nichukue hata mawili.

Alhamisi, 31 Oktoba. Mjini. Diwali.

Yusta kafika na kapu zima. Nyekundu, laini, za kupendeza. Nyingine zina madoa ya moshi, niliwaonyesha watu, hawakutaka kuona. Mimi nikafungua khanga nikatoa tofali langu.

Hansa akaligeuza huku na huku. Akauliza kwa upole diya ni ipi. Watu wakaangua kicheko. Yusta alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nilibaki nimesimama na khanga tupu mkononi. Hapo, nisiwe mwongo, nilitamani kurudi kwetu Mbeya kwa miguu.

Kisha upepo wa mji huu ukaja. Mlango wa Hansa ukaanza kujibamiza, paa, paa, wageni ndio wanaingia. Hansa akatazama huku na huku, akalichukua tofali langu, akauzuia mlango. Halafu, kwa kuwa diya ilikuwa palepale, akaitia mafuta akaiwasha. Ikawaka nyuma ya mlango, upepo haukuigusa. Zile za Yusta barazani zilikuwa zinazimika kila mara. Hansa kanipa sahani ya vitamu, kaniita fundi.

Fundi! Yusta kalisikia. Nimehakikisha kalisikia, nimelirudia mara kadhaa.

Jumapili, 3 Novemba. Kihesa.

Yusta kashinda uenyekiti. Kura zote isipokuwa mbili nilizopata mimi. Moja nilijipigia mwenyewe. Ya pili sikuielewa mpaka Yusta aliponikonyeza jicho wakati wa chai. Mwanamke yule ana akili mbaya. Kaapa pia kwamba kikundi kitachoma chini uwanjani mwaka mzima, na nafasi yangu ipo.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Mika, shati kalivua, kachimba msingi wa jiko. Ameuchimba vizuri. Mpana, wenye kina, unaelekea upepo unakotoka. Nikauzunguka. Nikauzunguka tena. Ndipo nikalielewa kosa la matanuri yote mawili: hayakuwa yangu!

Mika kauliza mlango nautaka wapi. Nikamwambia uwe mdogo, chini kabisa, na mwingine kama huo upande wa pili, hewa ipite. Kashangaa kidogo. Kauliza dirisha. Nikasema dirisha hapana, bomba la moshi, refu.

Kasema, “Sawa, Mama Lusako. Mpishi ni wewe.”

Anaendelea kuchimba, anapiga mluzi. Nitamwambia. Bomba likishasimama.