Prese ya Hidroliki na Mawese ya Kibua

Lundi, 3 juin

Mimi Ladislas, wa Kashuga, niko na miaka makumi saba na tatu. Nimeishi kupita pesa ya zaire, kupita vita ambazo hata sizihesabu tena, kupita radi iliyoua mbuzi pembeni yangu, na kupita dokta aliyesema sitamaliza mwaka. Dokta tulimuzika. Shule niliacha mwaka wa tatu, mwalimu njo alikuwa ananiogopa. Basi muntu asinifundishe mambo ya vyuma.

Leo mukutano wa koperative. Mashini ya kusaga muhogo imekufa. Rulma, ile beringi ya kuzungusha, imekwama ku akse yake, chuma ya katikati, haitoki. Tulipiga nyundo. Nyundo njo ilivunjika! Wamama wanatwanga mu kinu kama zamani za babu. Mama Constance, mukubwa wao (na tena bibi yangu, bahati yake), amesimama akaonyesha mikono. Malengelenge tupu. Komite imekata shauri: tutafute prese ya hidroliki, ile ya kusukuma chuma itoke mu chuma. Nani atachagua? Mimi! Niko mukubwa wa atelye, karakana yetu, lufunguo iko mu shingo yangu.

Lakini Kagabo, mufugaji wa ng'ombe, anaitamani hiyo lufunguo. Amecheka mbele ya wote. Eti Papa Ladislas alionana na prese wapi, mu shamba ya maharagi? Wamekata tena: siku ya posho, tarehe nane, asubuhi, rulma isipotoka, lufunguo inaenda kwa Kagabo. Nimesema ndiyo, kwa sauti kubwa. Kisha nikauliza Polycarpe, katekista wetu, pole pole, prese inafananaka na nini. Hata yeye hajui. Vizuri.

Merkredi, 5 juin

Kitshanga, kwa Honoré, muuza vyuma. Iko na prese mbili. Moja nyekundu, mupya, imeandikwa tani makumi mbili. Ingine ya kijani, nzee, tani kumi na mbili. Nimeweka bega chini ya ile nyekundu. Imeinuka! Tani makumi mbili, na muzee anaiinua? Mwizi! Hata Fuso haibebe hiyo bila kulia. Honoré ameeleza: tani si uzito yake, Papa, njo nguvu yake ya kusukuma. Na nguvu inatoka wapi? Mu mafuta. Mafuta! Mafuta inateleza, inasukuma namna gani? Kichwa imeanza kuniuma. Nimeitika kama muntu aliyejua toka zamani.

Nikaziangalia kama vile tunaangaliaka ng'ombe dume. Miguu. Mugongo. Nikapiga ile ya kijani kofi ku ubavu: imejibu muzuri. Wanaume wanne wameibeba wakilia. Hiyo njo prese! Honoré ameniambia iko kavu, inataka mafuta ya hidroliki, kwake imeisha, ni mpaka Goma. Nikamujibu: kijana, mafuta ni mafuta. Ameshika kichwa. Heshima, nafikiri.

Vendredi, 7 juin

Goma iko mbali. Njia mubaya. Lakini shemeji yangu Evode ametoka Kibua, kule Walikale kwenye joto, na bidon ya mawese. Nyekundu! Safi! Mafuta ya mashini ni nyeusi, inanuka. Hii watu wanakula. Kitu ya kulisha muntu itaharibu chuma?

Nimemimina yote saa sita, jua kali. Nimepiga mukono ya pompe. Prese imeshuka! Imepasua gogo ya kalitusi kama biskuti! Evode ameruka. Ningeweza kutoa rulma palepale. Lakini bila Kagabo kuona, faida gani? Nimefunga atelye, nimeita kila muntu kesho, mapema kabisa. Constance ameuliza mawese ya mboga imeenda wapi. Nimemwambia ni siri ya fundi.

Posho, 8 juin

Baridi. Ukungu mpaka ku magoti. Watu wote wako. Polycarpe na shati yake nyeupe ya misa. Nimeweka akse, nimesalimia watu, nimevuta mukono. Hakuna kitu! Imegoma kama ng'ombe mbele ya kilalo ya kuvuka muto. Nimejitundika ku mukono muzima muzima, miguu inaning'inia. Kagabo ameuliza kama hii inakamuliwaka upande wa kuume ao wa kushoto. Watu wameanguka na kucheka.

Constance amefungua kifuniko, ameingiza kidole. Mawese imeganda ngumu kama sabuni. Eti Papa Ladislas, miaka yote hii unakula mboga yangu, hujaonaka naweka bidon pembeni ya mbabula ya makala kila asubuhi? Sijaonaka. Mimi siingiaka jikoni.

Ameleta mbabula, ameiweka chini ya prese. Imeyeyuka. Imelia. Nikavuta na nguvu yangu ya ujana. Pah! Kipira cha kuzuia mafuta kimepasuka, mawese ikaruka. Polycarpe amekuwa mwekundu mpaka ku kola. Rulma iko palepale. Wametoa lufunguo mu shingo yangu, Kagabo ameivaa.

Constance hakucheka. Amechukua muchi, amerudi ku kinu. Hiyo njo iliniuma.

Siku ya Mungu, 9 juin

Jana muchana Kagabo alipeleka akse kwa Honoré. Prese nyekundu imeisukuma, rulma imetoka mara moja. Mashini inasaga. Wote wanasifu Kagabo. Wajinga! Nani aliilegeza?

Nimefikiri wakati wote wa misa. Sasa nimeelewa. Kosa si ya prese. Mawese ilizaliwa Kibua, mu joto, imefika huku imeshikwa na baridi. Inatakiwa mafuta ya kuzaliwa huku juu. Mafuta ya ng'ombe! Ng'ombe inalala inje mu ukungu, mafuta yake itaogopa nini? Nimetuma Evode kwa Kagabo aombe chupa, aseme ni ya kupakaa ku kifua yangu.

Muntu akisema nadanganya, aulize Evode. Ao aulize Polycarpe, shati yake iko ku kamba, inaonekana toka ku barabara. Constance musimuulize. Yeye anaongezaka maneno.