Vita vya Kupigilia Ukanda Mitawanda ya Muhsina

Sogeeni, enyi wenye miguu, na asiye na miguu aletwe amebebwa, nikusimulieni vita alivyovipigana Mahfoudh bin Thabit, Simba wa Sidab, mtishaji wa kuku wawili, aliyesoma juzuu moja na kuisahau nusu. Naye ndiye mimi niandikaye, kwani hakutokea mwengine wa kuniandika.

Ilikuwa Ramadhani ya tatu tangu tuvukie Maskati kutoka Unguja, huko ambako wakubwa wetu walituambia tutulie, kisha wakatangulia kukimbia. Katika vitu vyote vya marehemu mke wangu Muhsina ilisalia jozi moja ya mitawanda, viatu vya mti wa mfenesi, na misuruaki yake, vile vijiti vya kubana vidoleni, imevunjika. Sakafu ya choo chetu ni jiwe, baridi yake na utelezi wake havina huruma, nami kila nendapo kutawadha husoma dua ya msafiri. Nikaazimu kuivaa mitawanda ile kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Lakini upigiliwe wapi? Hapo ndipo majeshi yalipopangana. Mti umekauka, una ufa ubavuni; msumari ukikosea pahala, mtawanda unapasuka, na kitu cha mwisho alichokikanyaga Muhsina kinaishia jikoni, kuni. Na msumari wenyewe mnene kama kidole cha askari, kwani mwembamba hauteremki forodhani bila ya ruhusa ya mkubwa, na mkubwa kafunga, kalala.

"Baba, iwache," akanena binti yangu Nasriya, akikoroga uji. "Ukiupasua huo utanuna mpaka Idi ya pili."

"Mie sinuni. Nnatafakari."

"Basi tafakari umekaa. Mguu mmoja hewani, utaanguka wewe na saumu yako."

Nikauweka ukanda karibu na kifundo, mithili ya hatamu shingoni mwa farasi wa vita, nikainua nyundo. Mara jirani yetu Ghanim, mzaliwa wa hapa, ambaye Kiswahili chake amekiokota kwetu, akachungulia juu ya ukuta wa ua.

"La, la, Mahfoudh. Qiddam. Qiddam, ya akhi."

Sikio langu la Unguja halikusikia ila damu. Nikayakinisha nimejeruhiwa. Nikaitupa nyundo, nikaruka, nikautafuta mto wa damu unyayoni, kisiginoni, hata kwenye kanzu, huku nikiwalaani walioileta nyundo isiyo na adabu.

"Huyu anacheza ngoma, na amefunga?" akauliza Ghanim.

Nasriya kicheko kimemshinda. "Qiddam, Baba. Mbele. Anakwambia ukanda usogeze mbele. Damu yako yote imo mwilini. Ramadhani ya tatu Maskati, hujajua mbele ni wapi."

"Wakubwa hawajanifunza."

"Na wakubwa ndio waliokwambia uruke?"

Nikaurejesha mguu kwa hasira, nikiushika ukanda kwa mikono miwili, mguu ukaingia nusu tu, ukanda ukakaa mashinani mwa vidole. Nikauinua mguu; mtawanda ukaja nao, sawasawa, kama uliozaliwa hapo. Kumkubali Ghanim sikumkubali. Nikatia alama ya mkaa hapo hapo.

Nikapiga. Mti ukalia. Nasriya akawacha kukoroga. Ghanim akaukamata ukuta, midomo ikisoma. Nikapiga tena, ule ufa ukatetemeka kama utakaofunguka, kisha ukatulia, na msumari ukazama mpaka kichwani. Wa upande wa pili ukafuata, na mtawanda wa pili ukatii kama mateka.

Nikavaa, nikavuka ua mpaka chooni, nikarudi, ko, ko, ko, mlio ule ule wa Muhsina. Nasriya, aliyekuwa kanipa mgongo, akageuka upesi kuangalia ni nani. Kisha akauinamia uji wake, asinitazame tena.

Ndipo mzinga wa ngome ukalia. Ghanim atakuambieni ni mzinga wa kufuturu, hulia kila Magharibi ya Ramadhani. Mie ndiye niliyeshika kalamu, nami naandika: jioni ile, mara moja tu katika enzi yao, wakubwa walimpigia mzinga mtu aliyestahiki.