Ufunguo wa Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Nimepasuliwa! Yaani, nimetobolewa. Daktari anauita upasuaji wa tundu la ufunguo: matundu mawili madogo kwenye nyonga ya kulia, moja la kamera, jingine la vifaa. Utepe wa gegedu unaoshikilia kichwa cha mfupa ulikuwa umechanika, ndiyo maana nyonga ilikuwa ikiteguka ovyo. Ameushona, akaukaza. Ameonya nisiuzungushe mguu kwa nje hata kidogo mpaka aniruhusu. Nikiuzungusha, gongo litakuwa mwenzangu wa maisha.

Mke wangu ameanza kumsimulia daktari nilivyoumia. Nikajifanya nimelala. Nilining'inia kwenye dirisha la stoo, basi. Mtu asiye na ufunguo wa nyumba anamoishi afanyeje? Marehemu baba mkwe alikuwa fundi wa vitasa. Vitasa vyote vya nyumba ile kavifunga kwa mkono wake, na kila mtu kamchongea ufunguo, hata shemeji, kaka wa mke wangu, asiyeweza kutunza soksi. Mimi hakunipa. Miaka yote nilibisha hodi, naye akajibu kutoka chumbani kwake: subiri, mkwe. Amefariki mimi bado nimesimama barazani.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumbani. Magongo yananichubua makwapa. Nilikuwa kitandani natafuta rimoti, nikajisahau, mguu ukageuka. Nyonga ikalia: ko! Haikuuma. Ililia kama kitasa kinapozunguka. Na kabati la mke wangu, analolifunga kwa ufunguo, likafunguka lenyewe.

Nilijifunika shuka hadi puani. Halafu nikaziona biskuti zangu mle ndani, zile nilizoambiwa shemeji kazila. Hofu yote ikaisha.

Jumamosi, 8 Machi

Majaribio. Ko: stoo. Ko: geti. Ko: choo cha nje, na shemeji yumo! Anaapa alikuwa amefunga kwa ufunguo. Nimemshauri akapimwe macho. Nimecheka hadi nyuzi zikanivuta.

Jambo moja tu sikulipenda. Kila mlango unapofunguka, inatoka harufu ya mafuta yale ya vitasa aliyokuwa akitumia marehemu. Hata kabatini, kwenye magauni.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe ametangaza wakati wa chai. Chumba cha marehemu kimefungwa tangu azikwe, ufunguo haujulikani ulipo, na mlango hauvunjwi ng'o. Atakayeufungua bila kuuvunja, chumba ni chake. Shemeji anakitaka aweke vyuma vyake vya mazoezi. Kifua chenyewe hana! Mimi nakitaka kiwe ofisi. Ofisi ya nini, mke wangu kauliza. Mambo mengine hayaulizwi.

Shemeji kashinda pale mlangoni na waya na mafuta ya kupikia. Ametoka na kidole kimevimba. Nimempa pole ya kinafiki.

Mchana alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinikunja goti taratibu, akasita, akainamisha sikio karibu na nyonga yangu. Aliuliza kama nina kitu mfukoni, maana anasikia mkwaruzo, kama tupa juu ya chuma. Nikamwambia ni njaa. Aliondoka kabla ya saa yake kwisha na hakuaga.

Jumatano, 12 Machi

Leo imelia yenyewe.

Nilikuwa nimekaa tuli, mguu juu ya mto. Ko! Hakuna kilichofunguka. Nimezunguka nyumba nzima na magongo, milango yote imefungwa vilevile. Nilipoketi, ikarudi upande wa pili: ko. Kama mtu anayejaribu ufunguo, anaona bado haujakaa sawa, anautoa.

Naogopa. Nasema kweli, naogopa. Mke wangu kaniona nimetokwa na kijasho chembamba, akaniuliza nina nini. Kidogo nimwambie. Akanishika mkono, akasema yeye hataki makubwa, anataka tu siku moja tutembee wote hadi kituoni bila kusimama kila hatua kunisubiri. Akaniapisha nitulie. Nimeapa, na nilimaanisha.

Lakini shemeji kaazima drili!

Alhamisi, 13 Machi

Ilibidi! Drili ilikuwa imeshachomekwa kwenye umeme. Hapo ndipo nikasimama mbele ya mlango wa marehemu, familia nzima nyuma yangu, nikasema jamani tazameni. Nikageuza mguu. Kitasa kikagoma. Nikageuza zaidi. Mke wangu akapiga kelele niache, nilimwapia! Na kutoka ndani ikaja sauti ya chini, ya mtu anayeongea huku kashika misumari kwa midomo: subiri, mkwe.

Nimeisikia mimi peke yangu. Nadhani. Mama mkwe alikiweka kikombe chake chini polepole sana.

Mimi nimeshasubiri vya kutosha katika nyumba hii! Nikageuza mguu wote. KO! Mlango ukafunguka, nikaangukia ndani ya ofisi yangu, mguu ukielekea upande wake na mimi wangu.

Meza ya kazi. Tupa. Ukutani misumari imepangwa, kila msumari na ufunguo, kila ufunguo na kibandiko: Geti. Stoo. Kabati. Choo cha nje. Na mmoja mezani, mpya, unang'aa, umezungukwa na unga wa shaba. Nimeushika. Ulikuwa na joto. Kibandiko: Mkwe.

Nimelia mbele ya shemeji, sioni aibu. Alinichongea! Mzee alinipenda!

Mke wangu, kapauka midomo, kasema vile vibandiko si majina ya watu. Ni majina ya vitu vinavyofunguliwa. Nimemwambia asiniharibie siku. Nje gari la wagonjwa lilikuwa linapiga honi.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari kaingia tena kwa matundu yaleyale. Utepe ulichanika vibaya kuliko mwanzo. Ameshona alichoweza, ila gongo moja ni la kudumu. Mke wangu amesema haidhuru, kituoni tutakwenda polepole. Kisha akageukia ukuta. Hilo limeniuma kuliko nyonga.

Daktari ameuliza kama nafanya kazi karakana ya vyuma. Amekuta unga wa shaba ndani ya kiungo. Nimemwambia sijawahi.

Mama mkwe alikuja kunijulia hali. Chumba kimejifunga tena. Ule ufunguo haupo mezani, haupo popote, na hakuna aliyeuchukua. Shemeji anaapa, na kwa mara ya kwanza namwamini, maana amehamia kwa rafiki yake.

Kwa hiyo nina ofisi nisiyoweza kuingia, na nyonga ya kulia imekazwa hata hailii. Nimelala chali nikatafakari sana maisha yangu.

Daktari alipopita jioni nikamwambia nyonga ya kushoto nayo inateguka, aitoboe kama ya kulia. Haijateguka hata siku moja. Akanyoosha mkono aipime. Kabla hajaigusa, nami sijatikisika, ikalia: ko!

Nimefurahi sana.