Mashine Inayomwogopa Bi Veneranda

Jumatatu, 8 Septemba
Mashine imefika! Msumeno wa mkanda, wa umeme, mpya kabisa: magurudumu mawili, juu na chini, na mkanda wa meno unaoyazunguka. Hapa kwetu Katonga nzima hakuna fundi boti mwenye kitu kama hiki. Jirani yangu Alphonce bado anahangaika na msumeno wa mkono, maskini. Bi Veneranda, tajiri wa dagaa kule Kibirizi, anataka boti yake kabla mbalamwezi haijaisha na wavuvi hawajarudi ziwani, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Nikichelewa, kazi anampa Alphonce. Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Nimewasha. Kibanda kizima kimetetemeka. Birika limeanguka. Alphonce kauliza kutoka ng'ambo ya uzio kama napasua mbao au nahama.

Jumanne, 9 Septemba
Ugonjwa nimeujua. Upenyo! Kila kiungo cha mashine kina upenyo. Nimeziba wote kwa pamba na mawese, kama tunavyoziba boti. Mke wangu Winfrida kalalamika kwamba mawese yale ni ya maharage. Nimemjibu haya ni mambo ya kiufundi.

Nimewasha. Mawese usoni. Mkanda umeteleza, umeruka, umenasa kwenye paa. Usiku tumekula maharage ya chumvi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimefuta mawese siku nzima jana. Bado inatetemeka. Mbao inatoka na mawimbi. Asubuhi Alphonce kanisalimia "Mwakeye" kwa sauti tamu mno. Namshuku.

Mchana kaja Bi Veneranda. Nikampa shikamoo, nikaendelea kupasua. Kachoka na jua, kakaa kwenye kitako cha mashine. Kimya! Mbao imenyooka! Kainuka: mtetemo. Kakaa: kimya. Nikaelewa papo hapo. Mashine inamwogopa. Nikamsihi akae hapo mpaka boti iishe.

Kasema yeye si jiwe. Kasema mguu mmoja wa mashine unaning'inia hewani, niuwekee kipande cha mbao. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, wewe ni mtu wa dagaa. Kajifunga kanga, kaenda moja kwa moja kwa Alphonce.

Ijumaa, 12 Septemba
Kazi imekwenda. Inauma, sifichi. Pwani nzima nilishaitangazia kwamba boti hiyo naijenga mimi.

Nina mpango. Nimemuuzia Alphonce mashine kwa bei ya kutupa. Ikatetemeke kwake! Kakubali haraka, mjinga yule. Nimesaidia kuibeba, nikicheka moyoni.

Jumapili, 14 Septemba
Nimechungulia kwenye uzio. Mashine imetulia kama paka aliyeshiba. Mataruma, zile mbavu za boti ya Bi Veneranda, yamepangwa, yamenyooka yote. Alphonce kaweka kibao chini ya mguu mmoja. Urembo tu.

Nimekaa nikafikiri sana. Sasa naujua ukweli. Mashine ilitoka Dar kwa treni, ilikuwa na uchovu wa safari. Imepumzika kwangu, inafanya kazi kwake. Hata asante hajanipa!

Nimeagiza nyingine, kubwa zaidi. Ikifika, siigusi wiki nzima. Winfrida nimeshamwambia atafute godoro la kuilaza.