Miguu Iligoma, Saa Ikakubali

Jumatatu, 6 Mei

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Uwanjani, peke yangu, bukta mpya, viatu nimefunga kamba vizuri. Nikajiambia haya, kimbia. Nikatembea.

Nikasimama. Nikaanza upya. Nikatembea tena! Jana nilizunguka uwanja huuhuu mara sita kwa dakika kumi na moja na sekunde arobaini, na hata chai nilikuwa sijanywa. Leo kichwa kinasema kimbia, miguu inauliza nani, sisi? Haiumi. Haijavimba. Nimeruka kamba mara hamsini. Nimepanda ngazi za jukwaa mbilimbili. Nikarudi chini, nikahesabu moja, mbili, tatu. Natembea kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa.

Sielewi. Mimi ni fundi saa. Kitu kikisimama kuna sababu: vumbi, maji, springi. Nimejikagua kuanzia kidole gumba hadi nyonga na sijaona kilicholegea.

Na Jumamosi ndiyo mtihani wa mbio wa waamuzi wa mpira. Mizunguko sita kwa dakika kumi na mbili. Ukishindwa, unarudisha kipenga msimu mzima. Nikifaulu, fainali ya tarehe 18 nachezesha mimi. Ni zamu yangu hatimaye, baada ya miaka kumi na mmoja ya mechi za mchangani. Nikishindwa inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Anayefuata ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza magodoro, mtu ambaye kutwa nzima analala juu ya bidhaa zake.

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwambia mke wangu. Kosa. Akauliza kama ninajaribu kukimbia au ninafikiria tu kujaribu. Swali gani hilo kwa mtu aliyefiwa na mbio zake? Akasema niwaeleze ukweli wakubwa wa chama cha waamuzi, yaishe. Kisha akaendelea kukunja nguo. Nyumbani kwangu nikizungumza, watu wanaendelea kukunja nguo. Dukani wateja wanaziangalia saa zao, si mimi. Lakini nikiwa na kipenga mdomoni, watu ishirini na wawili wanasimama palepale walipo. Dakika tisini kwa wiki ndizo ninazosikilizwa. Wakininyang'anya hizo nabaki na nini?

Nikaenda kwa daktari. Akanigonga goti kwa kinyundo chake cha mpira. Mguu ukamrushia teke la tumbo. Akasema mimi ni mzima kabisa, huku amejishika tumbo. Kwa hiyo mguu wangu unajua kupiga daktari, ila kukimbia haujui! Akaniandikia dawa ya minyoo.

Jioni, mpango wa kwanza. Nikajifunga kiunoni saa ya mezani, ile yenye kengele kubwa, nikaitegesha ilie nikiwa katikati ya uwanja ili miguu ishtuke. Ikalia. Nilishtuka mimi, miguu haikushtuka. Kumbe shemeji alikuwa jukwaani na chupa yake ya soda, ananitazama. Akauliza saa ya nini kiunoni. Nikamwambia ni mazoezi ya kisasa. Alicheka hadi akapaliwa.

Jumatano, 8 Mei

Maajabu! Naweza kukimbia kinyumenyume!

Ilikuwa mbele ya kiwanda cha mikate. Lori likawa linarudi nyuma kunijia, nami nikarudi nyuma huku nikilitazama, na kabla sijajijua nimepita maduka matatu nikikimbia. Nikageuka kutazama mbele: natembea. Nikageuka tena: nakimbia. Nikaangusha meza nzima ya muuza miwani, nikamsaidia kuokota. Sasa sielewi hata kile kidogo nilichokuwa nikielewa jana.

Nikamwendea Mkufunzi, mwanajeshi mstaafu anayetusimamia sisi waamuzi. Nikamuuliza, kwa heshima zote, kama kanuni inasema uso wa mtahiniwa utazame upande gani. Akanikazia macho kwa sekunde kumi na nne. Kisha akaniuliza kama siku hizi napata usingizi. Nikamwamkia kwa mara ya pili na kuondoka.

Alasiri akaja mwenyewe dukani. Nikadhani amekuja kunifukuza. Hapana, ameleta saa yake ya kupimia mbio, ile ya chuma ya kutia ufunguo aliyopewa alipostaafu. Ya simu haiamini. Kitufe kimeanza kukwama na anaitaka Ijumaa, kwa sababu mtihani wote utapimwa kwa saa hiyo. Nikamwambia aniachie bila wasiwasi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimejipima. Nikitembea kwa nguvu zangu zote, viwiko vikipigapiga, mizunguko sita ni dakika kumi na saba na sekunde hamsini. Kinachotakiwa basi ni saa ambayo dakika yake moja inachukua dakika moja na nusu. Hesabu ya mtoto! Nikafungua kifuniko, nikatoa kile kispringi chembamba kinachoongoza mwendo, nikaweka kirefu zaidi. Nikasikiliza. Tik. Tik. Haina haraka kabisa.

Miaka ishirini ya ufundi, sijawahi kuharibu saa ya mteja kwa makusudi. Niliona haya. Nilifikiri kwa dakika mbili nzima. Kisha nikafunga kifuniko na kusugua kioo mpaka kikang'aa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefaulu! Dakika kumi na moja, sekunde hamsini na tatu! Mkufunzi alikusanya simu na saa zetu zote kwenye ndoo, ndiyo kanuni yake, mtu asijipimie. Nikatembea. Kila mtu alinipita. Mwamuzi mwenzangu, mwalimu wa hisabati, alinipita mara mbili, na mara ya pili akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilitunza pumzi.

Kisha yakasomwa matokeo. Hapo ndipo kilipo kitu ambacho sikukifikiria. Saa haikuwa inanipima mimi peke yangu. Waamuzi wengine wote wanane wamemaliza chini ya dakika nane! Shemeji, na kitambi kile, na alisimama mara moja kutapika, saba na sekunde arobaini!

Mkufunzi alivua kofia. Machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Akasema katika miaka ishirini na mitano hajaona kikosi kama hiki. Kisha akanigeukia na kusema, kwa upole sana, kwamba nimefaulu na kipenga changu ninabaki nacho, ila mbele ya wanaume wa namna hii fainali haiwezi kupewa mtu wa karibu dakika kumi na mbili. Akampa shemeji.

Nimefaulu na nimeshindwa kwa wakati mmoja. Inawezekanaje?

Shemeji alikuja kunikumbatia. Akasema hajui mbio zile amezitoa wapi, maisha yake yote watu wamemwita gunia. Nilitaka kumwambia. Ningeanzia wapi?

Jumatatu, 13 Mei

Mkufunzi tena dukani. Makao makuu ya chama hawaziamini zile namba. Wanataka fundi aithibitishe saa kwa maandishi na mhuri. Fundi mwenyewe ni mimi.

Nikisema ni mbovu, jina langu limekwisha. Nikisema ni nzima, nimemfungia shemeji fainali yangu kwenye karatasi na kumpelekea. Nikaomba aniachie hadi kesho niikague, nikiwa na nia ya kurudisha ile springi ya zamani. Akakataa. Akasema saa hiyo haitoki tena mkononi mwake, ina baraka, na Jumamosi shemeji atachezesha fainali kwa saa hiyo na si nyingine. Akabaki amesimama, anasubiri. Nikapiga mhuri. Ulitoka vizuri mno, hata herufi ndogo zinasomeka.

Miguu: bado.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekaa jukwaani na mke wangu, aliyekuja kumshangilia kaka yake. Saa tisa kamili shemeji akapuliza. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Dakika arobaini na tano zikapita. Hamsini. Sitini. Mashabiki wakawa wanamwonyesha refa simu zao, naye anawaonyesha saa. Mkufunzi, pembeni ya uwanja, akawaambia saa hiyo ina mhuri. Mapumziko yakaja dakika ya sitini na saba, na yenyewe yakachukua zaidi ya dakika ishirini. Wachezaji walilala kwenye nyasi na kufunikwa nyuso kwa taulo.

Kipindi cha pili kilikuwa cha huruma. Mabao mawili kwa moja, na hakuna aliyekuwa na hamu ya jingine. Golikipa mmoja aliomba kiti. Shemeji alikuwa anapuliza kipenga kikitoa hewa tupu. Nilimwonea huruma, kweli, na nilijua ni mkono wangu. Dakika ya arobaini na nne kwa saa yangu akasimama, akaacha mpira, akaja hadi chini ya jukwaa akiburuta miguu.

"Shemeji, shika," akasema. "Miguu imekataa."

Akaniwekea kiganjani kipenga na saa. Kipenga cha fainali! Kimelowa jasho lake, sikujali. Nikatembea hadi katikati ya uwanja. Watu ishirini na wawili wakanitazama, na jukwaa zima nyuma yao, na mke wangu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Saa ya Mkufunzi ilisema dakika ya thelathini. Yangu ilisema ya arobaini na tano. Nikapuliza, mpira umekwisha! Nimechezesha fainali! Hakuna aliyebisha. Wachezaji walianguka hapohapo, nahodha mmoja akanibusu mkono.

Mkufunzi akaja akihema. Akasema zimebaki dakika kumi na tano. Nami, kwa utaalamu wangu wote, na kwa sababu watu walikuwa wananisikiliza, nikamweleza kwa sauti kwamba saa hiyo inachelewa, kila dakika yake moja ni dakika moja na nusu, si zaidi wala si pungufu.

"Umejuaje?" akauliza.

Uwanja mzima ukanyamaza ili usikie jibu. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi yangu yenye mhuri, akaikunjua taratibu.

Nikakimbia. Mbele! Uso mbele, magoti juu! Nilipita lango, nikapita kiwanda cha mikate, nikapita meza ya muuza miwani bila kuigusa. Wachezaji hawakuweza kunifuata, walikuwa hoi. Mkufunzi pekee alijitahidi hadi kwenye kona ya duka la magodoro. Nilikuwa nacheka na nafsi yangu inauma. Sijui miguu iligoma kwa nini, na sijui imekubali kwa nini.

Jumatatu, 20 Mei

Barua ya chama. Nirudishe kipenga, misimu miwili. Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa la tarehe. Halipo.

Mke wangu hakukunja nguo. Alikaa mbele yangu, akaniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia: nimejifunza kwamba miguu yangu inataka mtu wa kuifukuza, kwa hiyo mtihani ujao nitamwomba Mkufunzi akimbie nyuma yangu. Akalivuta kapu la nguo.

Mchana akaja shemeji dukani. Hana kinyongo. Anaamini saa iliharibika yenyewe, na amegombana na Mkufunzi kwa ajili yangu. Waamuzi wote wanarudia mtihani Jumamosi, saa moja asubuhi, kwa saa ya simu. Akifaulu, yeye ndiye refa mkuu wa msimu ujao. Shida yake ni usingizi, na saa yake ya kumwamsha imeanza kukwama. Akaiweka mezani, akasema ananiamini kuliko fundi yeyote, mimi ni ndugu.

Nimefungua kifuniko. Saa nzuri, haina ubaya wowote, ni vumbi tu. Nimelipuliza. Kisha nikavuta droo ya springi ndefu.